Mwalimu Riungu, Mawe ya Kijivu na Mate ya Mzee Nthiga

Elphas Riungu alizaliwa na ugonjwa wa kueleza. Watoto wengine wa kule Nkubu walizaliwa wakalia, wakanyonya, wakalala. Huyu, kama alivyozoea kusimulia mama yake, alilia kidogo tu, akanyamaza, akatazama pande zote kama mtu anayetafuta ubao na chaki. Alipoota meno aliwaeleza mbuzi namna ya kula. Alipopata akili kidogo, na neno hilo "kidogo" msilipite mbio, aliwaeleza wazee namna ya kupanda kahawa: wao wenye kahawa, yeye mwenye kaptura moja.

Siku hizi amestaafu, anaishi mtaa wa Majimbo pale Embu mjini, na majirani wamejifunza kupita nyuma ya nyumba wakiwa na haraka. Ukipita mbele utaelezwa kwa nini simiti ya ukuta wako ina ufa, kwa nini kuku wako hatagi, na mvua itanyesha lini. Mvua hainyeshi siku aliyosema, lakini sababu ya kutonyesha anayo pia, ameiweka tayari.

Shuleni ndiko alikokutana na kemia, wakapendana papo hapo. Kemia ni somo zuri sana kwa mtu wa aina yake. Linahusu vitu visivyoonekana, na kitu kisichoonekana hakiwezi kusimama mbele ya watu kikamkana anayekieleza. Alimaliza kidato cha nne na krediti ya kemia, akaitembeza krediti hiyo Meru nzima kama fahali wa maonyesho. Kanisani aliisema. Matangani aliisema. Hata alipokwenda kumposa Kiende, wazee walipouliza kijana ana nini, alianza na krediti, akamalizia na mbuzi. Wazee walianza na mbuzi, hiyo krediti hawakuifikia.

Basi miaka ile, Uhuru ukiwa bado unanuka rangi mbichi, kila kilima kilitaka sekondari yake. Wazazi walichanga, wakabeba mawe, wakainua kuta, kisha wakakumbuka kwamba shule inahitaji pia walimu. Walimu wenyewe walikuwa haba kama theluji ya mlima Kirinyaga kwa karibu: unaiona, huifikii. Ndipo Elphas Riungu, aliyezaliwa katika ukungu na majani chai, akateremshwa mpaka shule ya harambee nje kidogo ya Ishiara, kwenye jua, mbuzi, ndengu na vumbi, awe mwalimu wa sayansi. Yote. Ya wanyama, ya mimea, ya umeme ambao haukuwepo, na kemia.

"Baba Karimi," Kiende mkewe alimwambia siku ya kwanza, akimwita kwa jina la mtoto wao na kujipepea na mfuniko wa sufuria, "ulisema tunaenda Embu. Hapa umetuleta ndani ya jiko."

"Ni joto kavu, Mama Karimi. Joto kavu halichoshi. Wacha nikueleze..."

"Usinieleze. Lete maji."

Na maji yalikuwa mbali.

Shule ilikuwa na madarasa ya matope na jengo moja la maana: chumba kirefu cha mawe, mabati mapya juu, madirisha ya vioo, meza za saruji zilizojengwa kabisa sakafuni. Wazazi walikijenga wakiambiwa ni laboratori. Walipokimaliza wakasimama mlangoni, wakatazama ndani, wakajiuliza ni nani aliyewaambia.

Hapo ndipo alipoingia Njuki, mwenyekiti wa kamati ya shule. Njuki alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, mwenye injini ya posho mill, ya kusagia mahindi, iliyokuwa imelala chini ya magunia nyumbani kwake ikingoja mahali pa kukaa. Alipokitazama kile chumba hakuona laboratori. Aliona meza imara za kuwekea mashine, dirisha la kupokelea mahindi na dirisha la kutolea unga. Bila shaka aliwaza faida ya shule peke yake. Watu wa aina yake huwa hawawazi kingine.

"Wazazi," alisema kwenye mkutano, "mimi si adui wa sayansi. Lakini sayansi iko wapi? Hapa ndani kuna chupa tupu na huyu mwalimu. Mama zetu wanabeba mahindi mpaka Ishiara sokoni kusaga. Kwa nini tusiweke kinu hapa, halafu hiyo sayansi ikija, itatupata tukiwa tumeshiba?"

Watu wakapiga makofi. Shibe hupigiwa makofi kila mahali.

Mwalimu Riungu aliomba nafasi, akaeleza. Alieleza mpaka mbuzi wa jirani wakahama. Alichotaka kusema ni kifupi, nasi tutakisema kwa niaba yake: bila laboratori, wanafunzi wake wa kidato cha tatu wasingeruhusiwa kufanya mtihani wa kemia, maana mtihani ule una sehemu ya vitendo. Wangesomeshwa kilimo badala yake, na mwalimu wa kilimo angekuwa ni yeye, aliyekimbia kahawa ya baba yake kwa sababu ya krediti ile. Mwalimu wa kemia bila laboratori ni mchungaji bila mbuzi. Amebaki na fimbo.

Kamati ikakata shauri kwa hekima yake ya kawaida. Siku ya kufungua jengo, mwalimu aonyeshe hiyo sayansi mbele ya wazazi wote. Ikionekana kwa macho, nyumba ni ya sayansi. Isipoonekana, nyumba isage mahindi.

Kwa mtu aliyeishi akisifu visivyoonekana, hukumu hiyo ilikuwa nzito.

Alipanda kwenda Meru mjini akitafuta chochote cha kuonekana, akaishia kwenye stoo ya Dekow. Dekow alikuwa na lori la kupeleka unga na sukari kaskazini, na lori halipendi kurudi tupu, kwa hiyo alirudi na kila kilichoachwa na kila aliyeondoka: vitanda vya chuma, mahema, redio bubu. Nyuma ya matairi, Riungu aliona mkebe mzito wa bati uliozibwa kwa madini ya risasi, na kando yake mpira mkubwa mweupe uliokunjwa. Akasoma maandishi. Akasoma tena. Akakodoa macho kama mtu aliyemwona malaika akinunua nyanya.

"Dekow, unajua hii ni nini?"

"Wallahi sijui. Ilikuwa ya wale wazungu wa hali ya hewa. Walikuwa wanatengeneza nayo hewa, wanajaza hilo puto, linapanda mbinguni. Mzungu mmoja aliniambia neno moja tu: isiguse maji. Nikasema, basi hii inashinda ngamia."

"Ni kalsiamu haidraidi! Haidraidi ya metali! Yaani, Dekow, wacha nikueleze..."

"Mwalimu, wewe chukua tu. Ebla mke wangu amekataa ilale karibu na mtungi. Chukua na hilo puto. Lakini ukipasuka, usiseme ulitoka kwa Dekow."

Ndivyo metali iliyofungishwa ndoa na hewa ilivyofika Ishiara, imepakatwa kama mtoto mchanga.

Kiende aliitazama pale mezani. Mawe ya kijivu, kama makaa yaliyougua. "Na hii inafanya nini?"

Riungu alikuwa amelingoja swali hilo tangu kuzaliwa. "Mama Karimi, kalisi, yaani hiyo kalsiamu, ni mwanamume mzito. Ni wa udongo, wa mifupa, wa maganda ya mayai. Haidrojeni naye ni msichana mwepesi kuliko kitu chochote duniani. Usipomfunga mlango anapanda juu, anaenda. Hawa wawili hawaoani kwa kupenda. Unampasha kalisi moto mkali, unamletea haidrojeni, anaingia, wanakaa. Ukiwatazama hivi utasema ni nyumba tulivu."

"Kumbe?"

"Kumbe kalisi moyo wake uko kwa oksijeni. Na oksijeni anakaa ndani ya maji. Maji yakipita tu hapo mlangoni, kalisi anamrukia oksijeni, anasahau ndoa. Haidrojeni anafunga virago. Na wale haidrojeni waliokuwa ndani ya maji nao wengine wanafukuzwa. Wanatoka wote mbio, wana hasira, nyumba imeshika moto. Na wakikutana na kibiriti wakiwa na hasira hiyo, ni mlio."

Kiende alifikiri. "Kwa hivyo umeleta kwa meza yangu watu wawili wanaotafuta sababu."

"Hiyo ndiyo kemia."

"Hiyo ndiyo nyumba ya shangazi yangu. Itoe nje."

Aliitoa nje, akaijaribu nyuma ya choo na kipande kidogo kama punje ya hindi. Alikitia ndani ya chupa, akadondosha maji tone moja. Kikafoka, kikachemka, chupa ikawa moto; akasogeza kibiriti kinywani mwa chupa, ikalia *bwii* kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Chini ya chupa ukabaki uji mweupe. Mwalimu akacheza peke yake. Mpango ukajitunga: siku yenyewe angetia mawe machache na maji kidogo ndani ya chupa kubwa, aelekeze hewa kwenye puto, alifunge bendera ya shule, aliachie mbele ya wazazi. Lipande. Nani atasema hakuona?

Alikuwa mwangalifu, lazima asifiwe kwa hilo. Aliandika mlangoni kwa herufi kubwa: MAJI NI MARUFUKU. Wanawake wa Ishiara walisomewa wakacheka mpaka wakashika mbavu. Watu wanaobeba maji mgongoni kutoka mtoni, jua likiwachoma utosi, unawakataza kumwaga maji? Ni kama kumkataza kuku kuota meno. Riungu alikagua chumba kizima, kila mtungi, kila kikombe, hata viganja vya wanafunzi. Maji machache ya kazi yake aliyafungia ndani ya chupa yenye kizibo. Akaridhika. Hatari yote ya ulimwengu ilikuwa imeandikwa mlangoni.

Siku ya kufungua ilifika na upepo wake. Vumbi lilikuwa likitembea kama mtu mwenye shughuli, kwa hiyo madirisha yakafungwa yote. Wazazi wakajipanga ndani, wengine mlangoni. Njuki alikaa mbele kabisa, akipima meza kwa macho.

Sasa, krediti ya kemia ilimwambia mwalimu atoe mawe machache. Ugonjwa wa kueleza ukamwambia: wakiona machache watadharau. Akaufungua mkebe, akamwaga mawe yote kwenye sinia ya enameli yenye maua, sinia ya Kiende ya wageni. Akawasha na taa ya spiriti kando yake, kwa sababu taa ya spiriti humfanya mtu aonekane amesoma.

"Haya ndiyo hayo?" Njuki aliuliza. "Mwalimu, hata kwetu tuko na mawe."

"Mwenyekiti, haya si mawe. Haya ni metali iliyomeza hewa. Ngoja nikueleze..."

Na alipogeuka kumweleza Njuki, Mzee Nthiga akaingia.

Mzee Nthiga alikuwa amebariki kila kitu katika upande ule wa Mbeere. Maghala, mafahali, daraja, mabibi harusi, mizinga ya nyuki. Hata kanisa alilibariki, kwa nje, padri akiwa ametazama upande mwingine kwa adabu. Hakuna kitu kipya kilichofunguliwa bila yeye kupiga funda la muratina, ile pombe ya asali, akaliviringisha mdomoni, na kulipuliza juu ya kitu hicho *pffff*, liwe umande wa heri. Kila mtu alilijua hilo. Na mwalimu asije akasema hakujua kwa sababu ni Mmeru: kwao Nkubu, asubuhi aliyoondoka kwenda sekondari, babu yake mwenyewe alimtemea kifuani mpaka shati likalowa. Alilijua toka utotoni. Ila kichwani mwake kemia ilikuwa na chumba chake na mate ya wazee yalikuwa na chumba chake, na hakuwahi kufikiri kwamba vyumba hivyo vina mlango katikati.

Mzee alisimama kwenye tangazo, akasomewa. Alikuwa mtu wa kufuata sheria.

"Mwalimu," aliita, "wanasema maji hapana."

"Hapana kabisa, mzee!" Riungu alijibu bila kugeuka. "Hata tone!"

"Hata mimi sina maji." Mzee akatikisa kibuyu. "Hii ni muratina."

"Sawa, mzee, sawa," akasema mwalimu, mkono mmoja hewani, akimweleza Njuki uzito wa haidrojeni.

Mzee Nthiga akasogea kwenye sinia. Akayatazama yale mawe kwa huruma, maana yalionekana makavu. Akapiga funda. Lilikuwa funda kubwa, jengo lilikuwa kubwa. Akainua uso.

"Nyumba hii na izae!"

"Thaai!" wazazi wakaitikia.

"Watoto wake na wajae!"

"Thaai!"

*Pffff.*

Kwanza sinia ilinong'ona. Kisha ikafoka kama nyoka kumi waliokosana. Povu jeupe likapanda, mvuke ukapanda, mzee kwa kuona kitu kinachemka akafanya kile ambacho mzee yeyote mwenye huruma angefanya: akakiongezea baraka ya pili. Riungu aligeuka. Katika maisha yake yote hakuwahi kukosa la kusema, na hapo pia hakukosa. Alisema "Ta—" akikusudia taa, lakini haidrojeni hawakumngoja. Walikuwa wamejaa darini, madirisha yamefungwa, na njia ya kutokea ni moja, nayo inapita kwenye taa ya spiriti.

Mlio wake, watu wa Ishiara walisema, ulikuwa kama mbingu imejikwaa. Mabati yakainuka yakarudi mahali pengine. Vioo vyote vikatoka nje kuwatafuta wenyewe. Sinia ya maua ilionekana baadaye kwenye shamba la ndengu. Wazazi walitoka kwa mlango, kwa madirisha, na wengine hata leo hawajui walitokea wapi. Njuki, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, alikuwa wa kwanza kufika uwanjani, jambo ambalo hesabu haiwezi kulieleza.

Mungu ni mwema, hakuumia mtu wa kutajwa. Mzee Nthiga alitoka polepole, nusu ya ndevu imekwenda, kibuyu kiko kizima kwapani. Mwalimu alimfuata, uso wote mweupe kwa unga, nyusi hana hata moja.

"Miaka yote hii nabariki," Mzee Nthiga alisema, sauti ikitetemeka kwa furaha. "Ng'ombe, nyumba, watu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimejibiwa."

Watu walipohesabiana na kukutana wote wazima, mkutano ukafanyika pale pale uwanjani. Njuki alijipangusa vumbi, akapata sauti.

"Wazazi, tulisema ionekane. Imeonekana! Nani hajaona? Na imeonekana ni mbaya. Sasa tutawaacha watoto wetu humo ndani? Turudishe mabati, tuweke kinu. Kinu kinapiga kelele, lakini hakiruki."

Vichwa vikaanza kutikisika. Vilitikisika upande ule ambao mwalimu hakutaka. Alisimama na uso wake mweupe, akiona kemia yote ya kidato cha tatu inaenda, somo la kilimo linakuja, na jembe lake limeshawekwa mpini. Alifungua mdomo kueleza kosa lilikuwa la nani: la taa, la madirisha, la funda. Kisha akamtazama Mzee Nthiga, aliyekuwa amesimama akiangaza kama bwana harusi, akaufunga tena. Kumwambia mtu huyo siku ya jibu lake kwamba hilo lilikuwa kosa kungetaka moyo wa jiwe, na mawe yake yote yalikuwa yameungua.

Ndipo akasimama Ciakuthii. Ciakuthii alikuwa kiongozi wa akina mama, na ndiye aliyebeba mawe mengi kuliko wanaume wawili wakati wa kujenga, jambo alilowakumbusha kila mkutano.

"Mwenyekiti, ngoja kidogo. Mimi nataka kuuliza mwalimu. Hiyo unga-unga nyeupe imebaki kwa meza, kwa ukuta, kwako kwa uso. Ni nini? Kwa sababu mimi nikileta mahindi yangu isagwe hapo ndani, itaingia kwa unga wangu."

Macho yote kwa mwalimu.

Tuseme ukweli wa mambo, kwa kuwa hapa hatuna mtihani wa kufeli. Unga ule ulikuwa chokaa. Chokaa tu, ile ile wanayopaka kuta za kanisa na mawe ya kando ya barabara siku mkubwa anapopita. Ndoo chache za maji na ufagio, kazi imekwisha. Neno moja, "chokaa", na akina mama wangepumua, na injini ya Njuki ingekuwa mezani kabla ya Jumapili. Riungu alilijua neno hilo. Lilikuwa limekaa ulimini, limevaa viatu, linangoja kutoka. Naye hakuwa mtu wa kudanganya. Madanganyo hayana fomula.

"Mama Ciakuthii," alisema polepole, "hiyo ni kalsiamu haidroksaidi."

Watu wakarudi nyuma hatua.

"Ni nini hiyo?"

"Ni alkali."

"Uuu!" alisema mama mmoja, akamshika mtoto wake.

"Na inatoka?"

"Imeingia kwenye nyufa za saruji, mama." Na ilikuwa imeingia, kweli.

"Na ile ingine, ile ilipasuka? Imeisha, ama itarudi?"

Mwalimu alitafakari. Haki ni haki. "Haidrojeni, mama, haiishi duniani. Iko kila mahali. Hata ndani ya maji unayokunywa."

Hapo hata Mzee Nthiga alikitazama kibuyu chake.

Njuki alianza kuona unga wake unamwagika. "Mwalimu, wacha kuzunguka! Sema na Kiswahili ya watu. Hiyo alkali inaua ama haiui?"

"Mwenyekiti," akajibu Riungu, na kila neno lilikuwa la kitabuni, "inategemea kiasi."

Ciakuthii akafunga leso yake kiunoni, na wanaomjua waliona kwamba mkutano umefika mwisho. "Mimi sikubeba mawe nije nikule alkali. Njuki, hiyo injini ukae nayo kwako. Hata ukisaga bure sitaleta hata debe. Hii nyumba waachiwe watoto na huyu mwalimu hana nyusi. Wao wamezoea."

"Watoto wataumia!" Njuki alilia.

"Waumie namna gani? Imebarikiwa. Si ulisikia ikijibu?"

Na Mzee Nthiga akatikisa kichwa kwamba ndiyo, yeye alikuwepo.

Hivyo ndivyo sayansi ilivyoshinda Ishiara: hakuna hata mmoja aliyeielewa, na wote walikubaliana kwamba isikaribie chakula. Mabati yalipigiliwa upya kwa harambee nyingine. Njuki alijenga kibanda cha kinu kando ya barabara, na kwa miezi kadhaa alimsalimia mwalimu kwa kidevu tu.

Jioni ile Kiende alimpaka mumewe mafuta usoni, mahali nyusi zilipokuwa.

"Baba Karimi, ile kitu nyeupe si ni chokaa? Uliniambia mwenyewe, siku ile ya chupa."

"Ni chokaa."

"Na mbona hukuwaambia?"

Alianza, "Wacha nikueleze..." akaachia hapo, jambo la kuogofya sana katika nyumba ile. "Nimewaambia," akasema mwishowe. "Kila kitu nimesema ni kweli."

"Najua. Nilikuwa hapo." Akampaka kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Sijawahi kukuona ukisema ukweli vibaya hivyo."

Hakulala vizuri, na afadhali. Mtu aliyejivunia maisha yake yote kwamba anawafumbua watu macho alikuwa amewafumba uwanja mzima kwa mkono ule ule. Aligeuka ubavu huu akasema ni kwa ajili ya watoto. Akageuka ubavu ule akasema ni kwa ajili ya watoto. Kitanda hakikubishana naye.

Jumatatu aliwaita kidato cha tatu laboratori, hewa safi ikipita katika madirisha yasiyo na vioo. Aliwaambia wakwangue ule unga mweupe mezani, wautie ndani ya chupa, wamwage maji, watikise, waache utulie, kisha wachuje kwa kitambaa. Maji yakatoka maangavu kabisa. Akampa kila mmoja bua jembamba la nyasi.

"Pulizeni ndani. Polepole. Msinyonye."

Wakapuliza. Maji yale maangavu yakaanza kufifia, yakawa kama ukungu wa Nkubu asubuhi, halafu yakawa maziwa. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wakizitazama pumzi zao wenyewe.

Binti mmoja aliinua chupa yake juu. Alikuwa wa kwanza kuifanya nyeupe, na alikuwa wa Njuki.

"Mwalimu, hii si ndiyo ile alkali? Baba anasema itatumaliza."

"Ndiyo hiyo."

"Lakini si hii ni chokaa tu? Kama ya kanisa?"

Darasa zima likamgeukia mwalimu. Alipapasa mahali nyusi zake zilipokuwa, hakuzikuta, akatazama nje barabarani, ambako kibanda cha Njuki kilikuwa kimefika kwenye linta, juu ya mlango.

"Ni chokaa," alisema. "Mwambie baba yako jioni, usimfiche kitu. Lakini ngoja kwanza apige mabati kile kibanda chake."